Breki Mpya za Mkonga Wetu

Gari letu halikuwa na breki, lilikuwa na mume wangu. Ndivyo nilivyowajibu wateja dukani walipouliza tunafikaje msituni Ugalla kuchukua asali na kurudi wazima. Walicheka, nami nikacheka nao, lakini ndani sikucheka hata kidogo. Kila nilipopanda juu ya mzigo na kushika mabomba ya chuma yanayozunguka bodi, nilianza kuomba dua, na sikuacha mpaka nilipoyaona mabati ya mtaa wetu, Nsemulwa.

Gari lenyewe ni mkonga, lile la kazi lenye bomba la kuvutia hewa lililopanda ubavuni mpaka usawa wa paa. Linavuta kwa tairi zote nne, na kwenye tope la masika limewahi kutoka mahali ambapo trekta lililala siku nzima. Kuondoka lilikuwa linajua. Kusimama ndiko kulikokuwa na maneno mengi.

Huku kwetu tairi la nyuma likianza kuvujisha mafuta ya breki katikati ya pori, hakuna anayekaa kusubiri spea. Dereva analikata lile bomba jembamba linalopeleka mafuta kwenye tairi hilo, anaikunja ncha, anaigonga kwa nyundo mpaka inaziba, safari inaendelea. Ni ya muda tu, wanasema, tukifika mjini tutatengeneza. Bomba letu la kushoto lilizibwa mtoto wetu wa mwisho akiwa shule ya msingi. Alipomaliza sekondari lilikuwa bado limezibwa, na la kulia nalo lilikuwa limeshamfuata mwenzake. Kwa hiyo tulikuwa tunasimama kwa tairi za mbele tu, na hizo zenyewe kwa kubembelezwa.

Mume wangu alikuwa fundi wa kubembeleza. Alikanyaga mara ya kwanza, pedali ikaenda mpaka chini bila kukuta kitu. Akaachia, akakanyaga tena, hapo ikakuta kitu laini. Ya tatu aliinuka kabisa kwenye kiti, akauweka uzito wake wote kwenye mguu wa kulia, huku mkono ukirudisha gia kwenye namba ndogo, na gari likaanza kunguruma na kupunguza mwendo. Yote hayo yalifanyika haraka kiasi kwamba abiria mgeni asingejua kuna tatizo. Mimi nilijua. Nilikuwa nikisikia mlio wa gia ukibadilika, nasema Bismillahi, kisha nasubiri.

Nikimwambia tutengeneze, aligonga kichwa chake kwa kidole. "Breki iko hapa, mama watoto. Hiyo ya chini ni msaidizi tu."

Nilitamani nimgonge hicho kichwa mimi mwenyewe.

Kazi yangu katika safari hizo ni asali. Mume wangu anaendesha, anapakia, anajua njia zote za msituni, lakini asali hajui. Mimi naionja, naitazama inavyodondoka kutoka kwenye kijiti, nainusa kama imeungua moshi, nafungua ndoo mpaka chini kuona kama kuna majana, yale mabuu ya nyuki, yamekamuliwa humo. Warina asali wa kule wananifahamu na wananiogopa kidogo. Nikishachagua, ndoo zinapangwa ndani ya bodi, turubai linatandikwa juu, na mimi napanda kukaa juu yake. Ndiyo desturi yetu. Mwenye asali anakaa juu ya asali yake. Uzito wa watu ndio unaozuia ndoo zisicheze na vifuniko visifunguke, na anayepewa lifti naye anakaa huko huko akisaidia kukandamiza. Kamba hatukuwa nazo. Miaka yote hiyo mzigo wetu haukuwahi kufungwa, na haukuwahi kumwagika, nasi tukajiona mabingwa wa kupanga.

Masika iliyopita tulikuwa tunateremka kwenye kivuko kimoja cha mawe, njia imelowa, ndoo zimejaa. Nikasikia gia ikirudi, kisha nikasikia ikirudi tena, na mwendo haupungui. Maji ya kivuko yalikuwa yamepanda, ya rangi ya chai ya maziwa, na yalikuwa yanatujia. Nikayashika mabomba kwa mikono yote miwili. Mume wangu akakata kushoto, akaingia majanini, akalipandisha gari kwenye kichuguu. Likazama pua kwenye ule udongo taratibu, likazimika. Ndoo hazikusogea. Mimi sikusogea. Akateremka akijipangusa mikono, akatabasamu, kana kwamba kichuguu kile kilikuwa kimewekwa pale na serikali kwa ajili ya kusimamishia magari.

"Umeona?" akasema.

"Nimeona," nikamjibu. "Mimi humo sipandi tena."

"Siku hizi umekuwa mwoga sana."

"Sio siku hizi. Nimeogopa toka siku ya kwanza, nilikuwa nanyamaza tu."

Alidhani ni hasira za njiani, zitaisha nikila. Hazikuisha. Safari iliyofuata alikwenda peke yake, nikabaki dukani nimekaa kama niliyekalia miiba, nikitoka mlangoni kila ninaposikia injini ya dizeli. Alirudi mzima, na asali aliyorudi nayo ilinuka moshi mpaka paka wetu alitoka nje. Wateja waliirudisha. Baada ya siku chache nilimsikia akizungumza kwa simu na mtu wa Dar es Salaam kuhusu diski.

Nilichodai mimi ni breki zizibuliwe tu. Yeye, akishaamua jambo, halifanyi nusu. Alitaka dramu za nyuma zitolewe kabisa, zile zinazojificha ndani ya tairi na kujaa vumbi na tope, ziwekwe diski, yaani sahani ya chuma iliyo wazi inayobanwa na pedi pande zote mbili. Mbele nako ziwekwe kubwa zaidi, na busta, lile pipa dogo linalousaidia mguu wa dereva, liwe la gari jipya zaidi la aina hiyo hiyo. Vitu vilikuja kwa treni kwenye kreti la mbao. Tulipolifungua, nikaona vyuma vizito vyenye grisi, nikavitazama kwa mashaka. Vilikuwa vya mtumba, vimetoka kwenye gari lililogongwa. Nikauliza kama liligongwa kwa sababu halikusimama.

"Liligongwa kwa nyuma," mume wangu akasema. "Lilisimama vizuri sana."

Leo nikilikumbuka jibu lile, mwili unanisisimka.

Fundi wetu ana gereji Nsemulwa, nyuma ya mashine ya kukoboa. Ni mtu wa maneno mengi na mikono safi kuliko inavyotakiwa kwa fundi, jambo ambalo halikunituliza. Nilibeba kigoda, nikakaa pale kila siku aliyofanya kazi. Nilimuuliza kama amekaza. Akasema amekaza. Alipohamia upande wa pili nikamuuliza kama ule wa kwanza amekaza. Ilipofika zamu ya kutoa upepo kwenye mabomba, mume wangu akikanyaga pedali ndani na fundi akiwa chini anafungua na kufunga nati ndogo ya kutolea mafuta, nilisimama kabisa. Mafuta yalitoka na povu, kisha yakatoka na mapovu machache, kisha yakatoka safi.

"Mama," fundi akaniambia kutoka chini ya gari, "ukiendelea kunitazama hivyo hata mimi nitatoka upepo."

Jaribio lilifanyika uwanja wa mpira wa shule. Bodi tupu, uwanja mkavu. Fundi alimwonya mume wangu kwamba siku za mwanzo asikanyage kwa nguvu, pedi zizoeane na diski kwanza, naye akatii kama mwanafunzi. Alikwenda, akagusa pedali, gari likasimama. Akaenda tena, likasimama tena. Hakuna kuinuka kwenye kiti, hakuna kunguruma. Nililia. Nilijifuta kwa ncha ya mtandio nikasema ni vumbi. Wote watatu tulikuwa tunatazama tairi, na hakuna hata mmoja wetu aliyeitazama bodi.

Nilidhani kuanzia hapo nitapumzika. Wasiwasi nao una tabia ya kukosa adabu, ukifungiwa mlango unaingia dirishani. Tulipoondoka kwenda Ugalla nilikaa mbele kwa sababu hakukuwa na mzigo, nikawa nasikiliza. Zamani nilikuwa nasikiliza gia. Sasa nilisikiliza kimya, nikijiuliza kama mabomba mapya yanavuja, kama ile nati ya upande wa kwanza kweli ilikazwa. Mbung'o walituingilia dirishani wakatuuma, sikuwafukuza kwa bidii yangu ya kawaida. Mume wangu aliendesha kwa heshima, akigusa pedali kwa ncha ya kiatu. Kwenye kile kivuko cha mawe tuliteremka polepole, tukasimama pale alipotaka yeye, tukavitazama vidimbwi vilivyobaki. Kichuguu bado kilikuwa na alama ya pua ya gari letu.

"Sasa umeridhika?" akaniuliza.

Nikamwambia nitaridhika tukifika nyumbani. Akacheka, akaniambia mimi hata peponi nitauliza kama paa limepigiliwa.

Asali ya safari ile ilikuwa nzuri, nyepesi ya rangi ya dhahabu, haina moshi. Tulipakia ndoo mpaka zikafika usawa wa ubavu wa bodi. Turubai likatandikwa. Warina asali wawili waliotaka kufika mjini walipanda nyuma, mimi nikapanda nikakaa mahali pangu, mbele kabisa ya bodi, mgongo ukielekea nyuma na uso ukitazama paa la kebini. Kiti cha mbele tulimpa bibi mmoja wa kijijini aliyekuwa anakwenda hospitali kuangaliwa macho. Alikuwa haoni vizuri, lakini alikuwa akisikia kila kitu, na kabla ya kuondoka alimwomba mume wangu aendeshe kama anayebeba mayai. Mume wangu akamwambia, "Bibi, gari hili sasa lina breki kuliko ndege."

Kwa mwendo mrefu mambo yalikuwa salama. Nadhani ndipo mguu wake ulipojisahau. Gari lilikuwa zito kama zamani, jua la mchana lilikuwa lile lile, barabara ilikuwa ile ile yenye changarawe, na mimi nilikuwa juu ya mzigo kama siku zote. Mwili wa mtu haujui kwamba vyuma vimebadilishwa.

Kabla ya kuingia kijiji cha Magamba, ng'ombe walitokea upande wa kulia, kundi zima, wakivuka bila haraka. Mimi, nikitazama kwa juu ya paa, niliwaona kabla yake. Nikasikia gia ikirudi, ule mlio wa zamani, na nikajua.  Nilimwona kupitia kioo cha nyuma cha kebini. Alikuwa ameinuka kwenye kiti.

Gari lilisimama. Sisi tuliokuwa nyuma hatukusimama. Ndoo zote zilikuja mbele kwa pamoja, zikafunua turubai, zikanipanda mgongoni na kunisukuma, bega langu la kushoto likagonga bomba la chuma, nikasikia kitu kikikatika ndani yangu kwa sauti ndogo kabisa. Mrina asali mmoja aliruka mpaka juu ya paa la kebini, akabaki amelala pale akishangaa. Mwenzake alizama katikati ya ndoo. Kifuniko kimoja kikafunguka, kisha kingine, na asali ikaanza kunishukia kichwani, shingoni, ndani ya gauni, ya moto kwa jua.

Hakuna hata ng'ombe mmoja aliyeguswa. Waliendelea kuvuka, na mchungaji wao, mwanamume mrefu mwenye fimbo begani, alisimama ukingoni akasema, "Poleni jamani." Kutoka kiti cha mbele, bibi aliyekuwa ameishikilia dashibodi kwa mikono miwili akauliza, "Tumefika mjini?"

Mume wangu alipanda nyuma bila kukanyaga ngazi. Sijawahi kumwona na sura ile. "Nimekuua," alikuwa akisema, "nimekuua mama watoto, nimekuua."

"Hujaniua," nikamwambia. "Nitoe ndoo mgongoni."

Nilikuwa na hasira. Hasira ilinisaidia, maana bila hiyo ningezimia. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia fundi, nikajikasirikia mimi niliyezitaka hizo breki kwa maneno na kwa mgomo. Warina asali walinishusha. Mmoja alinifunga mkono kifuani kwa kanga yangu mwenyewe, kwa utulivu wa mtu aliyezoea watu kudondoka kutoka kwenye miti, akaniambia ni mtulinga, huu mfupa ulio kati ya shingo na bega, utapona lakini nisicheke. Nikamwambia asiwe na shaka. Nyuki walikuwa wameshafika kuifuata asali yao kwenye nywele zangu. Hawakuniuma, walitembea tu, nami nilikaa pale ukingoni mwa barabara sijui niwafukuze kwa mkono upi.

Waliniweka katikati ya kiti cha mbele, bibi akasogea dirishani na kunishika goti ili nisiyumbe. Warina asali walirudi nyuma, safari hii wakakaa chini kabisa, mgongo ukiegemea kebini. Tukaondoka kwenda hospitali mjini.

Ilinichukua muda kuelewa kilichokuwa kikiendelea. Kila jiwe lilinichoma begani, kwa hiyo nilikuwa nimefumba macho. Nilipoyafumbua niliona tunakwenda kama wanaokwenda mazikoni, gia ya pili, wakati mwingine ya kwanza, injini ikilalamika. Penye mteremko mdogo alirudisha gia. Penye shimo alikwepa, hata kama kukwepa kulitutupa zaidi. Mguu wake wa kulia ulikuwa kwenye pedali ya mafuta au hewani. Pedali ya breki hakuigusa hata mara moja. Miaka yote niliogopa gari lisilosimama. Sasa nilikuwa nimekaa pembeni ya mtu anayeogopa kulisimamisha, na hofu hiyo ilikuwa mbaya zaidi kwa sababu ilikuwa yake, na yeye hakuwa na mazoea nayo.

"Baba," nikasema, "kuna breki."

"Najua."

"Zitumie."

Akazidi kuung'ang'ania usukani. Jasho lilikuwa linamtiririka nyuma ya masikio.

Karibu na mji barabara inateremka kuelekea daraja jembamba la gari moja. Upande wa pili lori la mahindi lilikuwa limeshaingia darajani, limejaa mpaka magunia yananing'inia, linakuja kwetu polepole na taa zimewashwa. Lilikuwa na haki ya kupita kwanza, na hata lisingekuwa na haki, lilikuwa kubwa. Mume wangu akarudisha gia ya kwanza. Gari likapiga kelele, likapunguza kidogo, na mteremko ukaendelea kulivuta. Alitazama kushoto, alitazama kulia. Nilijua anatafuta nini. Anatafuta kichuguu. Hakukuwa na kichuguu, kulikuwa na korongo huku na korongo kule.

"Kanyaga," nikamwambia.

"Nitakuumiza tena."

"Kanyaga, baba watoto."

"Mguu hautaki," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine, mtu mdogo. "Ukishuka utashuka wote. Haujui kushuka nusu."

Bibi akaanza kuomba kwa kilugha chake. Nyuma, warina asali walikuwa wakigonga kebini. Niliogopa, naweza kusema nilivyoogopa, niliogopa mpaka maumivu yakakaa pembeni kupisha. Nikaunyanyua mkono wangu wa kulia, ule mzima, nikauvusha juu ya gia na juu ya mguu wake wa kushoto, nikauweka kwenye goti lake la kulia. Liliruka kama kitu kilichokamatwa. Nikalishika. Kisha nikalibonyeza, kidogo, kama ninavyobonyeza chapati kuona kama imeiva.

Mguu ukashuka kidogo. Gari likapungua mwendo.

Nikabonyeza zaidi. Likapungua zaidi. Nikalegeza, kwa sababu bega lilitaka kupasuka, naye akalegeza. Nikabonyeza tena, na yeye hakuongeza chochote chake, alinipa mguu wake wote niutumie. Ndoo nyuma hazikusogea. Tukasimama kabla ya daraja, taratibu, bila hata vumbi kutupita.

Lori lilipita karibu sana, dereva wake akatupungia mkono kushukuru. Mume wangu hakumpungia. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, analia, na hakusema ni vumbi. Nilimwacha alie. Kisha nikamwambia daraja liko wazi, akaweka gia, tukavuka, na mkono wangu sikuuondoa gotini mwake mpaka tulipofika hospitali.